Miaka Thelathini Niliyomtungia Baba Yake Babu

Mama Mshauri mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana najua utanikasirikia, hata mimi nimejikasirikia tangu wiki iliyopita, na nimekuchagua wewe kwa sababu huwa husemi "pole" halafu ukaishia hapo, na mimi pole nimeshazipata za kutosha kutoka kwa shangazi yangu na hazijanisaidia kitu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne na kazi yangu ni kujalidi vitabu katika ofisi ya kumbukumbu za mkoa, yaani vile vitabu vikubwa vya zamani vya sensa, vizazi na vifo vikichakaa vinaletwa mezani kwangu, nakata nyuzi kuukuu, nafuta vumbi, nabandika karatasi zilizochanika, nashona upya na kuvisha jalada, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiamini kwamba kazi hii haiwezi kumuumiza mtu yeyote, labda kidole changu mwenyewe kwa sindano.

Nina Babu, baba mzazi wa baba yangu, ana miaka themanini na saba, alikuwa kinyozi, na mpaka leo ukiingia mlangoni anakutazama kichwa kabla hajakutazama uso. Anaishi kwa shangazi yangu, mtaa wa pili kutoka kwangu. Ananiita mke wangu mdogo na mimi namwita mume wangu kibogoyo, na tukikaa pamoja shangazi hutoka nje kwa sababu anasema hatuna adabu wote wawili.

Sasa baba yake Babu alikuwa seremala, na Babu alipokuwa na miaka sita baba yake alimshika mkono siku ya Jumatatu akampeleka kuanza shule, na Jumatano yake akapanda gari kwenda mji mwingine, mwendo wa siku moja kutoka hapa, kutengeneza milango ya hospitali iliyokuwa ikijengwa huko, akasema nikimaliza milango narudi, na hakurudi, wala barua haikuja, wala salamu. Mama yake Babu aliendelea kusema atarudi mpaka siku zake zilipokwisha, majirani wakasema ameoa huko, na Babu mwenyewe alikua, akajifunza kunyoa, akaoa, akalea, akazika, na ukutani chumbani kwake akatundika randa ya baba yake ya kulainishia mbao, kifaa pekee kilichobaki nyumbani, na kila mwezi huishusha akaipaka mafuta kisha akairudisha.

Mwaka juzi akaniambia, "Mke wangu, wewe unashinda na vitabu vya marehemu, hebu nitafutie baba yangu humo. Sitaki mengi. Nataka kujua alifia wapi, basi."

Mama, nilitafuta kwa moyo wote, saa za chakula cha mchana na baada ya kazi, na mwanzoni mambo yalinyooka. Nikampata kwenye sensa iliyofanyika miaka miwili kabla hajaondoka, nyumba ya vyumba viwili, mkuu wa kaya seremala, mke, na mtoto mmoja wa kiume wa miaka minne, nikamsomea Babu Jumamosi ile, akasema "Soma tena hapo nilipo mimi," nikasoma, akasema tena, nikasoma mara nne. Baada ya wiki kadhaa nikapata daftari la shule lenye tarehe aliyoandikishwa na jina la mzazi aliyemleta. Halafu nikapata orodha ya mafundi walioajiriwa kwenye ile hospitali, na yeye yumo, wa tisa kutoka juu, majina yake yote matatu. Basi Jumamosi ikawa siku yetu. Babu akawa anajinyoa mwenyewe asubuhi, anavaa shati la mikono mirefu, anafunga vifungo mpaka cha shingoni, anaweka miwani mezani na kuningoja, na nikiingia tu anauliza, "Haya, leo baba yangu kafanya nini?"

Baada ya hapo vitabu vikakauka. Nilipekua vifo vya miaka kumi, kumi na tano, ishirini, sikumwona, nilipekua sensa iliyofuata ya mji ule mtaa kwa mtaa, hayumo, Jumamosi tatu nikaenda mikono mitupu na Babu akasema si kitu, labda kajificha ukurasa wa nyuma, lakini shangazi akaniambia jikoni kwamba nikishaondoka mzee hali, anageuza sahani anaitazama kama haijui. Jumamosi ya nne nikaingia, nikamwona na shati lake lile na vifungo vyake vile, akauliza leo baba yangu kafanya nini, na uongo ukanitoka kabla sijaukaribisha, nikasema, "Nimempata, Babu! Sensa ya miaka kumi baadaye. Seremala, amepanga chumba, hajaoa."

Babu alicheka mpaka akakohoa. Akala sahani mbili.

Na mimi nikaona si vibaya, nani ameumia, na Jumamosi iliyofuata nikamnunulia marehemu baiskeli, yaani kwa maneno, nikasema nimeona leseni yake, na iliyofuata nikasema alitozwa faini kwa kuendesha bila taa, na hapo Babu akapiga paja lake akasema "Ukaidi huo ndio wangu!" akaenda mpaka kwenye kile kibanda chake cha zamani cha kunyolea kuwahadithia vijana wanaonyoa sasa, na mimi sikuweza tena kurudi nyuma, nikamfanya atengeneze mabenchi ya shule, nikamfanya shahidi kwenye ndoa ya rafiki, nikamfanya mkuu wa mafundi, na kila nilipotaka kumfikisha kwenye kifo mdomo ulikataa, nikawa namwongezea mwaka, na mwingine, mpaka mtu wa watu nimemfikisha miaka sitini na moja. Kwa zaidi ya mwaka mzima, Mama. Nilikuwa na daftari dogo la kuandika uongo wangu ili nisije nikajikanyaga.

Halafu Jumamosi moja, wiki tatu zilizopita, nimemaliza kusoma, Babu hakucheka. Alikaa anafuta miwani kwa ncha ya shati, akaniuliza taratibu kabisa, "Mji ule ni mwendo wa siku moja. Miaka thelathini mtu yuko hai, ana afya, ana baiskeli. Mbona hakuja kuniona?"

Nikasema labda kazi zilimbana. Babu akasema, "Mimi pia nilikuwa na kazi," akainuka akaenda kulala mchana kweupe. Kesho yake akamwambia shangazi aishushe ile randa ukutani aitie stoo. Na Jumamosi iliyofuata nilimkuta na fulana, ndevu zimeota, hakuniuliza baba yake kafanya nini, aliniuliza kama mvua imenyesha upande wa kwetu.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Jumanne iliyofuata niliwekewa mezani kitabu cha vizazi, mgongo umeachia, nikakata nyuzi nikaanza kutenganisha vitita vya kurasa, ndipo katikati ya vizazi nikakuta kitita kimoja cha kurasa kumi na sita ambacho si cha vizazi, ni cha vifo, kimeshonwa humo kwa makosa, na vitabu hivyo viwili vyote vina jalada la kijani na ukubwa mmoja. Nikashika uzi kuangalia ni fundi gani mzembe. Mimi natumia mkono wa kushoto, Mama, na fundo langu hulala upande usio wa wengine, fundi mkuu alikuwa akinitania nalo tangu nilipoanza. Lile fundo lilikuwa langu. Ni mimi niliyekishona, mwaka wangu wa kwanza kazini, nikiwa mwanafunzi, sikusoma kichwa cha ukurasa, nikaona kijani nikashona.

Na yeye yumo, ukurasa wa tano. Nakuandikia kama ilivyo, safu kwa safu, maana nimeinakili na karatasi ninayo mkobani. Jina, yale matatu. Umri, thelathini na moja. Kazi, seremala. Mahali, zahanati ya zamani, maana hospitali yenyewe ilikuwa bado haina milango. Sababu, homa ya mapafu. Mtoa taarifa, seremala mwenzake, walikuwa wakiishi chumba kimoja. Maelezo, ameacha mke na mtoto mmoja wa kiume anayesoma darasa la kwanza. Tarehe nimeilinganisha na ile ya daftari la shule. Ni siku ya ishirini na tatu tangu aondoke nyumbani.

Siku ishirini na tatu, Mama! Mimi nimempa miaka thelathini, na sasa namzidi umri kwa miaka mitatu.

Jumamosi iliyopita sikwenda kabisa, nilisingizia mafua. Nimemweleza shangazi yote, akalia, kisha akasema, "Mwache baba apumzike na hiyo baiskeli yake. Kwa umri ule, ukimuua baba yake upya utamuua na yeye." Na mimi kwa sehemu nakubaliana naye, kwa hiyo nimefanya jambo jingine ambalo hata shangazi hajui: ofisini kuna karatasi tupu za zamani tunazotolea viraka, na wino naujua kuuchanganya, nimeandika barua, kwa mwandiko wa kizamani, kutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe, anasema alirudi mara moja akakuta nyumba ina watu wengine, akatafuta akakosa, akarudi zake akilia. Ni barua nzuri, Mama, nimeilia mwenyewe nikiiandika. Iko kwenye droo, chini ya vipande vya kitambaa.

Sasa nishauri. Nimpe Babu barua, ambayo itamponya hata kama ni ya uongo, au nimpe ukurasa, ambao ni wa kweli lakini utamuua baba yake na utanifanya mimi nionekane nilivyo? Au ninyamaze tu kama asemavyo shangazi? Nampenda mzee huyu kuliko mtu yeyote aliye hai, na naogopa kwamba akijua hataniita tena mke wake.

Ni mimi,
Fundi wa Vitabu

*

Fundi wa Vitabu, mwanangu,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, ingawa sentensi zako zimenimaliza pumzi, na nimekukasirikia mara mbili tu. Nimecheka pia, pale ulipomtoza marehemu faini ya taa. Kwa hiyo usijifanye jambazi. Wewe ni mtu mwenye huruma isiyo na breki. Ulimwona mzee hali, ukamlisha ulichokuwa nacho mdomoni. Wengi tungeanza hivyohivyo, ila wengi tungeishia Jumamosi ya pili kwa kukosa akili ya kutunga, na wewe kwa bahati mbaya unayo.

Kwanza hiyo barua iliyo kwenye droo. Ichane. Usiniambie ni nzuri, najua ni nzuri, ndiyo maana nasema uichane leo hii. Uongo wa mdomo ulikutoka bila kukaribishwa, sawa, nakuamini. Lakini huu umeuchanganyia wino! Umetumia karatasi za ofisi na ufundi uliofundishwa kwa ajili ya kutunza kweli za watu, ukakaa chini kughushi machozi ya mtu ambaye hawezi kuinuka kujitetea. Na akishafariki Babu, barua hiyo itabaki. Watoto wenu wataitia kwenye fremu. Watamhadithia kila mgeni habari za babu aliyerudi akakuta nyumba ina watu wengine, na yeye masikini hakurudi kokote, aliumwa akafa. Hapo ndipo nilipokukasirikia mara ya kwanza.

Mara ya pili ni pale uliposema ukurasa wa kweli "utamuua baba yake". Mwanangu, hebu tulia. Umeinakili rekodi ile safu kwa safu, kwa mkono wako huo wa kushoto, ukalilia umri na ukalilia tarehe, kisha ukaipita safu ya mwisho kama mtu anayekimbilia gari.

Nikwambie kitu ambacho wasomaji wangu wengi hawakijui. Kabla sijakalia kiti hiki cha kuwafokea watu, niliandikisha vifo miaka kumi na moja, dirisha namba mbili, kalamu imefungwa kamba. Ile safu ya maelezo ni nyembamba kama utepe. Karani huiacha wazi. Kwenye vifo kumi, tisa safu hiyo haina kitu. Karani ana foleni, ana joto, mtoa taarifa anajibu anachoulizwa: jina, umri, kazi, nani alikuwepo. Hakuna swali kwenye fomu yoyote niliyowahi kuiona linalouliza mtoto wa marehemu anasoma darasa la ngapi.

Basi jiulize maneno yale yalifikaje pale. Yule seremala mwenzake aliyasema bila kuulizwa. Na yeye aliyajuaje? Hakuwahi kukanyaga kwenu. Aliyajua kwa sababu waliishi chumba kimoja siku ishirini na tatu, na mwenzake hakuacha kuyasema. Mwanangu yuko darasa la kwanza. Nimemwandikisha mwenyewe. Jumatatu. Nadhani aliyasema kazini na akayasema kitandani na homa imempanda, mpaka yule rafiki, mbele ya dirisha la karani, akaona kwamba ukiandika kifo cha mtu huyu bila kulitaja jambo hilo hujamwandika mtu huyu. Na karani, Mungu amlaze pema popote alipo, akakubali, akabana mwandiko. Mimi nililia kwenye safu hiyo, na mimi si mtu wa kulialia.

Sasa turudi kwa Babu. Wewe unadhani kitakachomuumiza ni kufiwa na baba. Baba alikwisha kumkosa miaka themanini na moja iliyopita, na aliyaweza hayo, akanyoa vichwa vya watu na kulea watoto. Anachoumia nacho ni kitu kipya, na wewe ndiye uliyempa. Zamani alikuwa na baba aliyepotea. Mtu aliyepotea unaweza kumwekea randa ukutani. Jumamosi kwa Jumamosi ukamgeuzia baba huyo kuwa mwanamume mzima mwenye afya anayezunguka mjini na baiskeli, mwendo wa siku moja kutoka kwa mwanawe, na hana habari naye. Umempa baba asiyemtaka. Hukukusudia, najua. Lakini ndivyo ilivyo, na ukimwacha "apumzike na baiskeli yake", kama asemavyo shangazi yako, unamwacha apumzike na hilo.

Shangazi yako namheshimu, ndiye anayempikia na kumfulia, na woga wake ni wa mtu anayempenda baba yake. Mwambie nimesema hivyo. Kisha mwambie amekosea. Wazee hawafi kwa kuambiwa kwamba walipendwa.

Kwa hiyo utamwambia, na utamwambia wewe, si shangazi, si kwa simu, si kwa kuacha karatasi mezani ukatoroka. Anza na kosa lako kabla ya kifo. Hili nakusisitiza, maana utashawishika kupindua, umpe kwanza habari ya siku ishirini na tatu ili akilia ujifiche nyuma ya machozi yake. Hapana. Kaa chini, mwambie, "Babu, nilikudanganya." Mtajie ya kweli ni yapi: sensa ya kwanza, daftari la shule, orodha ya mafundi. Mengine yote ulitunga. Mpe na lile daftari dogo la uongo, lote, alikague akitaka. Ataikosa ile baiskeli, nakuonya. Alikwisha kuitembeza mpaka kwenye kibanda cha kunyolea, na sasa itabidi airudishe mbele ya vijana. Muombe radhi kwa hiyo baiskeli peke yake, kwa kuitaja.

Akikasirika, mwache akasirike. Usilie kwa sauti hata akaanza kukubembeleza wewe, wazee wana tabia hiyo na wewe unaijua na utaitumia, nakufahamu kwa barua moja tu. Akikufukuza, nenda ukakae barazani. Akikuita jina lako la kwenye cheti badala ya mke wangu, itika. Hilo ndilo unaloliogopa kuliko yote, umeliandika mwishoni kabisa pale watu wanapoandika jambo lao la kweli, na sitakudanganya kwamba haliwezekani. Linawezekana. Huenda likadumu wiki, huenda mwezi. Utalibeba. Mtu mliyetukanana naye kwa raha miaka yote hiyo hapotei kwa urahisi hivyo.

Akishatulia ndipo utoe nakala. Isome taratibu mpaka kwenye jina la ugonjwa na yule rafiki wa chumba kimoja. Ukifika safu ya mwisho, nyamaza, mpe miwani, asome mwenyewe. Usimfafanulie. Usimwambie Mama Mshauri wa gazetini kasema hivi na vile. Ana akili zake, na alipelekwa shule.

La kazini nalo usiliache. Umesema kitita kina kurasa kumi na sita. Kwa vitabu vya ukubwa ule hayo si chini ya majina mia moja na hamsini, na kila jina lina mtu wake anayepekua kitabu kisicho chenyewe kwa sababu ya sindano yako. Nenda kwa mkuu wako, mwambie, "Fundo ni langu," kishone mahali pake, na uandike kwenye ukurasa wa mbele wa vitabu vyote viwili kwamba kilihama na kimerudi. Kama watakuonya kwa maandishi, pokea. Mwanafunzi hukosea. Anayejua amekosea na akanyamaza si mwanafunzi tena.

Kaburi, mawe, safari ya kwenda mji ule, hayo mtayazungumza baadaye, na kama Babu atataka kwenda utampeleka, hata kama ni kwa kumbeba.

Nina neno moja limebaki. Najua unapanga nini. Unapanga kungoja Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku yenu, na ili upate siku nne za kujizoeza mbele ya kioo. Gazeti hili linatoka Jumanne. Ukilisoma asubuhi, omba ruhusa, chukua mkoba wako wenye ile karatasi, nenda kabla ya chakula cha mchana. Wewe unamwona mzee wa miaka themanini na saba mwenye muda wote wa kukungoja. Mimi nimesoma barua yako nikamwona mtoto wa miaka sita anayeamini kwamba baba yake alimfikisha shuleni akaenda zake, na ameamini hivyo kwa wiki tatu sasa, na mtu pekee duniani mwenye karatasi ya kumwonyesha kwamba si kweli amesingizia mafua.

Nenda leo.

Mama Mshauri